Saa za Bwana Harusi

Ofisini kwetu kila kitu kipya kilikaa ndani ya nailoni. Kibodi, viti, hata saa ya ukutani. Saa yenyewe ilitembea ndani ya mfuko wake kama mgonjwa aliyetengwa, na ukitaka kujua muda lazima upinde shingo ukwepe mng'ao. Hayo yalikuwa mapenzi ya mkuu wetu wa kituo, mwanamke tuliyemwita Mama Akiba, na kwa jina hilo hakuonewa. Majani ya chai aliyapima kwa vidole viwili. Kalamu mpya hupewi mpaka umpelekee maiti ya ile ya zamani.

Kazi yetu ni ziwa. Tunapima upepo, mawimbi na mkondo, kisha tunawaambia wenye vyombo kama leo ni siku ya kusafiri au ya kukaa nyumbani kugombana na mkeo. Katikati ya maji tuna maboya ya njano, makubwa kama mapipa, yenye vipimo kichwani, yanayotuletea habari kila saa. Fundi wa maboya hayo ni kaka yangu, tumetoka tumbo moja. Watu wote wanamwita Fundi, hata mama yetu mzazi. Mimi niliajiriwa nilipomaliza sekondari, kazi yangu kupokea takwimu na kupiga simu, na ofisi ikanibatiza Redio kwa sababu nikishawashwa sizimwi. Mwenye hesabu ni Dokta, kijana aliyeusomea upepo mpaka akapewa udaktari, na hawezi kukutibu hata mafua.

Ng'ambo ya ziwa ni nchi nyingine, na huko kuna kituo kama chetu. Mwenzangu wa huko namwita Ng'ambo tu. Kila asubuhi tunapigiana simu, yeye ananisomea upepo wake, mimi namsomea wangu, halafu anauliza, "Shemeji yangu Fundi hajambo?"

"Shemeji yako tangu lini? Umemuoa nani?"

"Mimi naandaa mazingira."

Ndivyo tulivyoishi.

Sasa, kompyuta zetu sisi hesabu ya ziwa zima haziiwezi. Ukizipa, zinapiga kelele kama jiko la mafuta, na jibu likifika upepo wenyewe umeshavuma ukaenda zake. Ndiyo maana nchi yetu iliingia kwenye Ushirika. Nchi kadhaa, zenye uwezo na zisizo nao, zilikubaliana kutumia pamoja kompyuta kuu moja iliyojengwa kwenye nchi ya baridi, mbali sana, na kila mwanachama akagawiwa saa zake za kuitumia. Sisi tukaiita Bwana Harusi. Kila mtu anamsubiri, amezungukwa na wasimamizi, na yeye hana haraka na mtu.

Saa zetu zilipofika mara ya kwanza, Dokta alicheza mpaka miwani ikaanguka. Mama Akiba akamwambia aketi.

"Hizi si za kuchezea. Zitatumika siku ya shida."

"Mama, tujaribu hata kidogo tu. Tuione inavyokimbia."

"Ukishaiona ikikimbia, itarudi?"

Basi saa za Bwana Harusi nazo zikaingia ndani ya nailoni. Robo ya mwaka ikapita, ikafuata nyingine, hatukugusa hata moja. Mama Akiba akitutembelea mezani alikuwa anauliza, "Zipo?" Dokta anajibu, "Zipo, Mama," bila hata kufungua kuangalia, na yeye anaondoka ametulia kama mtu mwenye gunia la sukari stoo.

Siku ya shida ikaja ikiwa na jina la kaka yangu.

Fundi alitoka mchana na boti ya kituo, peke yake, akiwa na boya jipya, kwenda kubadilisha boya lililokufa katikati ya ziwa. Jioni akampigia mkewe. Injini imezima, upepo umepanda, maji yanaingia kidogo lakini anayakomba kwa kopo, asimwambie mama yetu. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Polisi wa majini hawatoki gizani. Kulipopambazuka wote tulikuwa ofisini, na hakuna aliyekuwa amefumba jicho.

Wifi yangu alikaa kwenye kile kiti cha wageni. Kilikuwa na nailoni, kwa hiyo kila alipovuta pumzi kiti kililia. Chumba kizima kilimsikia akipumua. Nilitaka kufanya mzaha, maana mimi nikiogopa huwa nachekesha, ni ugonjwa wangu, lakini siku hiyo haukuja.

Koplo wa polisi wa majini aliingia akitafuna njiti ya kiberiti.

"Sikilizeni. Boti ninayo moja. Mafuta niliyonayo ni ya kwenda upande mmoja na kurudi. Ziwa hili ni kubwa kuliko wilaya. Mkiniambia mashariki, nakwenda mashariki. Mkiniambia kusini, nakwenda kusini. Ila mseme upande mmoja, na mseme mapema. Upepo utapanda tena alasiri."

"Afande, wewe ungeenda wapi?" nikamuuliza.

"Mimi ningeenda mashariki, kwenye matete. Tunaowatafuta wengi tunawakuta huko." Akasita, akamtazama wifi, akaitoa njiti mdomoni. "Wengine wakiwa wazima."

Dokta alishakaa kwenye mashine. "Hii ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Chombo kisicho na injini kinasukumwa na upepo na mkondo. Upepo wa jana usiku uligeuka mara nyingi, na boya letu la pale lilikuwa limekufa, hatuna vipimo. Lakini akili mnemba ya Bwana Harusi inaweza kuukisia upepo wa kila kipande cha ziwa, ikajaribu maelfu ya njia, ikatuambia wapi pa kuangalia. Kwa mashine yetu ni kesho jioni. Kwa Bwana Harusi ni kabla chai haijapoa."

"Ifungue," akasema Mama Akiba. "Leo ndiyo siku yake." Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayefungua kabati la vyombo vya wageni.

Dokta akafungua.

Akafunga. Akafungua tena.

"Dokta?"

"Imeandika sufuri."

"Sufuri ya nini?"

"Hatuna saa."

Mama Akiba akacheka kidogo, kile kicheko cha kusahihisha mtoto. "Hatujatumia hata moja."

Tukampigia msimamizi wa Bwana Harusi. Akatokea kwenye skrini amevaa sweta nzito, mtu mpole kabisa, na Dokta akawa anatufasiria. Utaratibu ndivyo ulivyo, akasema. Mwanachama asipogusa saa zake kwa robo mbili mfululizo, mgawo wake wa mwaka wanapewa walio kwenye foleni. Foleni ni ndefu sana. Tulidhani hamzihitaji. Tulifurahi kwamba zimewasaidia wengine.

"Mwambie tulikuwa tunazitunza," akasema Mama Akiba.

Dokta akamwambia. Yule bwana wa sweta akakunja uso. Hakukasirika, alikuwa hajaelewa tu. Akauliza kitu.

"Anasema nini?"

Dokta hakutaka kufasiri. "Anauliza, mlikuwa mnazitunza ili zifanye nini."

Kiti cha wifi kikalia, kikalia tena.

Nikamsogeza Dokta. Lugha ile ya kigeni mimi niliipata shuleni kwa viboko, lakini niliipata. Nikamweleza: mtu yuko majini. Kaka yangu. Leo. Akashika kichwa. Akasema maombi ya dharura yanapitia kamati, na kamati inakaa wiki ijayo. Akasema yeye hana ruhusa ya kusimamisha kazi ya mtu inayoendelea. "Mwenye kazi peke yake ndiye anaweza kuisimamisha," akasema, kisha akainamia kioo, akashusha sauti kama anayeibia ofisi yake mwenyewe. "Kazi kubwa kuliko zote sasa hivi ni ya mpunga. Zungumza naye. Saa zenu nyingi zilikwenda kwake."

Bi Mpunga nilikuwa namfahamu. Ushirika una ukumbi wa maandishi ambapo wanachama wanaulizana maswali, na mimi nilizoea kwenda kuchokoza watu. Yeye ni mtaalamu wa nchi fulani mbali mashariki, anaifundisha akili mnemba kuutambua ugonjwa wa mpunga kwa picha za majani, kabla jicho la mkulima halijauona. Niliwahi kumuuliza kama inaweza kutambua mchele ulioungua, naye akanijibu kwa picha ya sufuria yake nyeusi. Tangu siku hiyo ni dada yangu.

Nikampigia. Akapokea akiwa na furushi la majani mkononi, nyuma yake feni inazunguka.

"Redio! Leo huna kichekesho?"

"Sina, dada."

Nikamweleza. Akaweka majani chini.

"Ni kaka wa namna gani? Kwenu kila mtu ni kaka."

"Huyu ni wa tumbo moja. Tulilala kitanda kimoja."

"Sikiliza. Kazi yangu iko karibu kumalizika. Saa zilikuwa chache, kwa hiyo nilizima ile ya kuhifadhi kazi kila hatua ili iende haraka. Nikiisimamisha, narudi mwanzo kabisa. Na wakulima wangu wanapanda mwezi ujao. Walitaka kujua mashamba gani wayaache."

"Najua."

"Hujui. Usiseme unajua."

"Sijui, dada. Naomba tu."

Akaigeuza kamera ikatazama dari. Nikaliona bati, na waya wa taa, na mjusi. Nikasikia kibodi ikigongwa, na kitu kama mtu anayejifuta pua. Kisha Dokta akasema pembeni yangu, "Imesimama. Ametupa saa zake zilizobaki. Mungu wangu, ametupa kweli."

Hakukuwa na muda wa kushukuru. "Si nyingi," Dokta akasema. "Zinatosha hesabu moja. Lazima nichague kinachoelea: boti yenye mtu ndani, au mtu aliye majini na jaketi la kuokolea. Kila kimoja kinakwenda njia yake. Alivaa jaketi?"

"Huwa anavaa," wifi akasema haraka. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Aliniambia mmenunuliwa mapya."

Mapya! Nilishasimama. Kabati la stoo liko nyuma ya mlango, na ufunguo anakaa nao Mama Akiba. Alilifungua mwenyewe. Yalikuwa humo, yamepangwa vizuri, rangi ya chungwa, kila moja ndani ya nailoni yake, na la juu kabisa limeandikwa kwa kalamu nene FUNDI.

Mama Akiba aliligusa lile jina. Nailoni ikalia chini ya kidole chake.

"Yalikuwa ya ukaguzi," akasema. "Nilimwambia... ukaguzi ukipita."

Nilikuwa na maneno, na mengine si ya kuandikwa. Nikarudi kwa Dokta nikamwambia, "Boti."

Wifi alinitazama usoni, akaelewa, na kiti kikakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Bwana Harusi alikimbia. Wallahi alikimbia. Ramani ya ziwa ikajaa nukta nyekundu, zikatawanyika, zikazunguka, kisha zikaanza kujikusanya kama wadudu kwenye taa. Kusini, mbali na matete, mahali ambapo Koplo asingekwenda hata kwa kulipwa.

"Afande, kusini!"

Koplo alitazama ramani, akaitazama njia yake ya mashariki kupitia dirisha, akarudisha njiti mdomoni. "Kompyuta hiyo imewahi kuliona ziwa hili?"

"Haijawahi kuona hata beseni," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda.

Tulikaa na simu ya upepo katikati ya meza. Jua likapanda, likapita dirisha la kwanza. Mama Akiba alikuwa amesimama ukutani, hakuna aliyemwambia aketi. Nilijaribu kusema kitu cha kuchekesha kuhusu Koplo na njiti zake, nusu ya njia nikasahau mwisho wake.

Simu ikakoroma.

"Kituo, Kituo. Nimeiona boti. Pale pale mlipoandika. Imejaa maji lakini inaelea."

Dokta alipiga meza kwa ngumi. Wifi alishasimama.

"Na yeye?" nikauliza.

Sauti ya Koplo ikashuka. Sauti ile niliijua. Hata madaktari wanayo.

"Hakuna mtu, binti. Nimezunguka. Hakuna mtu."

Wifi hakulia. Alirudi kukaa, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito mapajani. Dokta akavua miwani. "Mtu aliye majini bila jaketi," akasema, hakumwambia yeyote, "hana hesabu. Hiyo ndiyo... hakuna hesabu ya hiyo."

Niliendelea kushika simu. Sikujua nifanye nini zaidi ya kuongea, ndiyo kazi yangu, ndiyo jina langu.

"Afande, ndani ya boti kuna nini?"

"Kopo. Kasha la vifaa, limefungwa. Nanga. Kiatu kimoja."

"Na boya?"

"Boya gani?"

"La njano! Kubwa kama pipa! Alikwenda nalo!"

"Hakuna boya hapa. Kuna kamba, imekatwa na kisu."

Imekatwa na kisu. Nikamgeukia Dokta.

"Amelikata akashuka nalo. Yuko juu ya boya."

"Au lilisombwa na wimbi..."

"Wimbi lina kisu? Kaka yangu aliache boya jipya liende peke yake? Angemweleza nini Mama?"

Nilikusudia kumchoma Mama Akiba, na nilimchoma. Lakini Dokta alikuwa ameshavaa miwani. Mwaka jana boya letu moja lilikata mnyororo likatembea ziwani siku nyingi kabla hatujalipata, na muda wote huo lilikuwa linatuma habari liko wapi. Safari yake nzima Dokta anayo. Hakuna watu duniani wanaojua boya kama lile linavyotembea kuliko sisi, kwa sababu hakuna wengine waliowahi kulipoteza kizembe namna ile.

"Limezama nusu," akasema, anaongea haraka sasa. "Mkondo unalishika kuliko upepo. Halikwenda kusini na boti. Hesabu inawezekana. Inawezekana kabisa! Ila..." Akaigusa skrini. Saa za Bi Mpunga zilikuwa zimeisha. Tulipomaliza tu, foleni ilijaza nafasi. Miradi ilikuwa imejipanga kwa mistari ya kijani, juu mpaka chini: barafu za milima, picha za mapafu, mawimbi ya bahari, ratiba za treni.

Nani tena wa kumwomba? Yule wa mapafu? Nimwambie nini?

"Redio," akasema Mama Akiba. "Kaa uandike. Kwenye ule ukumbi wenu, wote waone."

Nikaketi. Alisimama nyuma yangu, na alivyosema nikaandika, nikigeuza kwa lugha ile ya viboko.

"Mimi ni mkuu wa kituo hiki. Saa zetu mlizipata kwa sababu nilizikalia. Nilidhani kitu kizuri ukikitumia kinaisha. Fundi wangu yuko ziwani juu ya boya, hana jaketi, na majaketi ninayo kabatini. Hili nalo andika, usiliruke. Naombeni saa zenu. Sina cha kuwapa."

"Niandike 'asante kwa kuzingatia'?"

"Usiandike upuuzi."

Nikatuma.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Mistari ya kijani ilikaa kama ilivyokuwa. Nikawa nawaza, mtu wa treni anasoma hili, anakunywa kahawa yake, anasema masikini, anaendelea. Ningemlaumu? Mimi kabla ya leo ningesimama kwa ajili ya nani?

Mstari wa barafu ukazimika.

Tukadhani ni mtandao. Kisha bahari ikazimika. Kisha mmoja ambao hata sikujua ni wa nini, kisha mwingine. Hakuna aliyeandika neno. Walikuwa wanazima tu, mmoja baada ya mwingine, kama majirani wanaofunga redio zao wakisikia kuna msiba, ila msiba wenyewe haujathibitishwa. Mapafu yakazimika mwisho, na hapo wifi, ambaye hakuwa anajua hata moja kati ya hayo maana yake, akasema kwa sauti ndogo, "Wanatoka?"

"Wanatoka, wifi."

Mmoja hakutoka. Treni. Mpaka leo sijui kama mwenyewe alikuwa amelala au alikataa, na nimejizuia kuuliza.

"Inatosha," akasema Dokta. "Inatosha, inatosha," na akawa tayari amebonyeza.

Nukta zilitawanyika upya. Safari hii hazikwenda kusini. Ziligeuka zikavuka magharibi, zikaupita mstari mweupe wa mpaka, zikajikusanya kidoa kidogo karibu na pwani ya pili. Kidoa cha ukubwa wa ukucha. Mahali ambapo Koplo hana mafuta ya kufika, na hata angekuwa nayo, hana ruhusa.

Nilimpigia Ng'ambo. Alipokea anacheka, maana asubuhi sikumpigia na alikuwa na lawama tayari. "Leo umenisusa? Upepo wangu nimekaa nao mwenyewe kama mjane..."

"Shemeji yako yuko majini."

Hakuuliza shemeji gani. Nikamsomea mahali. Nikasikia kiti kikianguka kwake.

"Boti yetu ipo, lakini kibali cha kuitoa anacho bosi, na bosi yuko mkutanoni."

"Ng'ambo, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu."

"Nani amekataa? Kibali nitaomba nikirudi. Nisomee tena, polepole."

Akatuacha na simu wazi mfukoni mwake. Tukasikia injini. Tukasikia upepo ule wa alasiri aliousema Koplo, umeshapanda, unapiga kwenye kitambaa cha shati lake. Mara anaita, mara hasikiki. Mwanga kwenye dirisha letu ukawa wa njano, kisha mwekundu. Dokta alikuwa anapiga hesabu mpya kila mara, na kidoa kilikuwa kinapanuka. Sikutaka kukitazama. Nilimkamata wifi mkono, ulikuwa wa baridi kama bomba.

"Sioni kitu," Ng'ambo akasema.

"Sogea kaskazini kidogo," Dokta akapiga kelele.

"Nimesogea. Sioni. Jua liko machoni."

"Kidogo tena!"

"Redio, giza likiingia mimi..."

Hakuimalizia. Injini ikabadilika sauti. Tukasikia anaongea, lakini haongei na sisi. "We! We bwana! We!" Maji yakapiga. Kitu kizito kikagonga mbao. Simu ikaangukia mahali penye maji, nikadhani tumempoteza na yeye.

"Ng'ambo! Ng'ambo, sema!"

"Nimempata shemeji." Alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Amejifunga. Amejifunga na kamba kwenye boya, mafundo sijui ya wapi, sitaweza kuyafungua, nimekata. Ngoja. Ngoja, namwekea simu."

Hatukusikia neno. Tulisikia tik-tik-tik, haraka, kavu, haikomi. Dokta aliitazama simu, akadhani imeharibika.

Wifi aliinama mpaka sikio likagusa meza.

"Ni meno yake," akasema. "Ndiye. Lile la mbele limekatika kipande, linagonga hivyo hivyo akipata homa." Hapo ndipo alipolia, kwa kishindo, mikono kichwani, na mimi nikalia naye, na Dokta akaenda kusimama dirishani akijifanya anaangalia hali ya hewa.

"Miguu haisikii," Ng'ambo alikuwa anasema. "Na mkono mmoja, sijui. Mwambieni mkewe nampeleka hospitali ya huku, hapa ni karibu. Sijui kama... nampeleka. Nakimbia."

Hilo la "sijui kama" lilibaki mezani na sisi. Wifi alishaanza kutafuta viatu vyake, aulize barabara ya mpakani inafungwa saa ngapi. Koplo, aliyekuwa ameingia bila kusikika, amelowa mpaka kiunoni, akamwambia, "Twende, mama, gari ninalo," na njiti yake hakuwa nayo tena.

Mama Akiba alikuwa amerudi ukutani. Aliondoka pale, akaenda stoo. Nikamsikia akirarua. Hakutumia mkasi, alirarua kwa mikono, na aliendelea kurarua hata baada ya majaketi kuisha, nadhani alikuwa amehamia kwenye viti.

Skrini ya Dokta ilikuwa imebaki wazi. Bwana Harusi alikuwa amesimama karibu mtupu, na ule mstari mmoja wa treni tu, na saa za watu wa nchi zote zile zikiwa kwa jina letu, hazifanyi kitu. Ujumbe wa Bi Mpunga ulikuwa umekaa pembeni, sikujua tangu saa ngapi.

*Redio. Mmemaliza? Naweza kurudi?*

"Mama!" nikaita. "Kuna saa zimebaki. Tufanyeje?"

Kurarua kukakoma.

"Rudisha," akasema kutoka stoo, sauti imepasuka. "Zote. Usiache hata moja. Anza na yule wa mpunga, tulimmalizia zake."

Nikaandika: *Yupo, dada. Anapumua. Rudi, anza sasa hivi, usisubiri.*

Mstari wa Bi Mpunga ukawaka kijani, chini kabisa, kazi yake ikiwa kwenye sufuri.